Sidii karibu 280 kabatini na TV haina pa kuziingiza: nizitazameje kupitia Chromecast?

MpenziWaSinema

Hamjambo wadau. Nina DVD 220 halali za dukani, VCD 45 (za Kinaijeria, za Bongo na nyimbo za injili) na Blu-ray 14. Deki imekufa, na TV mpya haina hata matundu ya zile waya za rangi tatu. Nyuma ya TV kuna Chromecast ya kizazi cha tatu, ile ya duara. Ninachotaka ni kukaa kwenye kiti, kuona orodha ya filamu zangu na picha za majalada, kubonyeza moja na kuitazama.

Laptop yangu ina draivu ya DVD. Nikifungua diski naona folda ya VIDEO_TS yenye mafaili VTS_01_1.VOB, VTS_01_2.VOB na kuendelea. Nikiyanakili kwa flashi, kila faili linacheza dakika ishirini hivi kisha linakatika. DVD nyingine zinaonyesha vigae vya kijani na pinki. Nikituma kwa Chromecast inazunguka tu halafu inarudi mwanzo. VCD ndizo sizielewi kabisa, hazina hata hiyo VIDEO_TS.

Naomba kujua programu za kutumia, vifaa vya kununua (ex-UK, yaani vilivyotumika Uingereza, ni sawa), na kama hii kazi itamaliza bando ya intaneti.

---

FundiWaya

Una shida tatu tofauti, na kila moja ina sababu yake.

Kukatika kwa filamu ni utaratibu wa DVD yenyewe. VOB moja hairuhusiwi kuzidi GB 1, kwa hiyo filamu moja hukatwa vipande vitano, sita. Vigae vya rangi vinatokana na kufuli iitwayo CSS: ukinakili kwa kuburuta faili tu, unabeba data iliyofungwa na ufunguo unabaki kwenye diski. Chromecast nayo inagoma kwa sababu picha ya DVD imebanwa kwa njia ya MPEG-2, na hiyo ya duara inaelewa njia za H.264 na VP8 peke yake. Hata ukiwa na intaneti ya kasi ya umeme haitacheza.

Weka MakeMKV kwenye laptop. Kwa DVD ni ya bure. Inasoma diski, inafungua kufuli, inaunganisha vipande vyote kuwa faili moja la MKV, na haigusi ubora: kilichoko kwenye diski ndicho unachopata. Kabla ya kuanza, ingia kwenye mipangilio uongeze urefu wa chini kabisa wa kipande kutoka sekunde 120 hadi 1200, la sivyo utaorodheshewa kila tangazo lililoko humo. Kwa diski za tamthilia urudishe chini, maana kipindi cha dakika 20 kinaweza kuachwa nje. Chagua kipande kirefu kuliko vyote, ondoa tiki kwenye lugha usizozihitaji, kisha hifadhi. Draivu ya laptop husoma DVD kwa 8x ikiwa na bahati, kwa hiyo weka dakika 20 hadi 30 kwa kila diski. Ukifanya sita kwa siku, DVD zote zitakwisha kwa wiki tano na siku kadhaa.

Usihifadhi kwenye flashi yenye FAT32. Mfumo huo haupokei faili linalozidi GB 4, na filamu nyingi za DVD ni GB 4 hadi 7. Kazi itafika katikati ikatike na utadhani diski ni mbovu. Tumia NTFS au exFAT.

Hesabu ya nafasi: 220 kwa GB 5.5 ni kama GB 1,210. VCD 45 kwa GB 0.7 ni GB 32 hivi. Blu-ray 14 kwa GB 30 ni GB 420. Jumla ni TB 1.66. Diski ngumu ya TB 2 Windows huionyesha kama 1.81, utaijaza ukiwa bado unanunua filamu. Nunua ya TB 4.

Seva (mashine itakayotunza filamu na kuzituma kwa TV): mini PC ya ex-UK yenye Intel kizazi cha 6 kwenda juu, RAM GB 8. Luthuli na Moi Avenue za Nairobi zimejaa. Usidanganywe na "i7" ya kizazi cha 2 au cha 3. I5 ya kizazi cha 6 ina sakiti ya Quick Sync iliyo bora kwa kubadilisha video, na kwa kazi hii hiyo sakiti ndiyo unayoilipia. Kabla hujalipa, washa mashine, fungua Task Manager, usome jina la prosesa: i5-6500T ni kizazi cha 6, i5-3470T ni cha 3. Kwa namba za tarakimu nne kama hizi, tarakimu ya kwanza baada ya kistari ndiyo kizazi.

Juu yake weka Jellyfin, programu inayopanga filamu zako na kuzituma kwa TV au simu. Ni ya bure na akaunti zake ziko ndani ya mashine yako. Majina ya mafaili ndiyo yanayoleta majalada, kwa hiyo yaandike hivi:

Filamu/Jina la Filamu (2009)/Jina la Filamu (2009).mkv

Kwa tamthilia: Jina/Season 01/Jina S01E01.mkv. Ukiacha title_t00.mkv jinsi MakeMKV inavyolitoa, Jellyfin itakubandikia jalada la filamu ya watu wengine kabisa.

Ukimaliza, kwenye kivinjari cha simu andika anwani ya mini PC ikifuatwa na :8096, kwa mfano 192.168.1.20:8096. Ndani ya ruta iwekee mashine anwani ya kudumu, ili isihame kila stima ikirudi.

Bando haiguswi. Filamu inatoka kwenye mini PC inapita kwenye ruta hadi TV, haitoki nje ya nyumba. Intaneti inatumika kuleta majalada na maelezo, megabaiti chache.

---

Kodeki_Kali

Niongeze tu: usijaze diski bure. Pitisha kila kitu kwenye HandBrake (programu ya kubana video) uweke H.265, filamu ya GB 6 inashuka hadi GB 1 au chini. TB 1 inatosha, na pesa inabaki.

---

FundiWaya

@Kodeki_Kali hapo sikubaliani. Chromecast ya duara haisomi H.265, kwa hiyo seva italazimika kuibadilisha tena kuwa H.264 kila ukitazama. Umebana mara moja, unabana mara ya pili, na DVD ina pikseli 720 kwa 576 tu za kuanzia. Giza la usiku kwenye filamu litageuka mabaka. Tofauti ya bei kati ya diski ya TB 1 na ya TB 4 ni ndogo kuliko kurudia diski 220 kwa mkono. Hifadhi MKV ilivyotoka. Ukitaka nakala ndogo ya simu utaitoa humo wakati wowote.

Na kwa kweli hiyo Chromecast ningeiweka kando. Haina programu zake. Lazima simu iitumie filamu, na inahitaji intaneti hata kwa filamu iliyoko chumbani. Machi 2025 zile za kizazi cha pili ziligoma dunia nzima kwa sababu cheti cha usalama kilichomo ndani kiliisha muda. Kijiti chenye Android TV au Google TV, au Fire TV Stick, kinawekwa programu ya Jellyfin yenyewe na rimoti mkononi. Intaneti ikikatika Ijumaa usiku, filamu inaendelea.

---

Kodeki_Kali

Sawa, hiyo ya duara sikuisoma vizuri. Ila H.264 bado ina kazi yake, hasa kwa filamu zilizopigwa kwa kamera ya video: za Naijeria, za Bongo, harusi, nyimbo za injili. Hizo huwa na picha ya mistari ya kupishana. Kwenye TV bapa, mtu akitembea unaona kingo za mwili wake zina meno kama kitana. Deki ya zamani na TV ya kichogo vilificha hilo, TV ya sasa inalianika.

Kwa hizo pekee, baada ya MakeMKV, fungua HandBrake:

Anza na mpangilio wa HQ 576p25 Surround. Kodeki iwe x264 (yaani H.264), ubora RF 19 (namba ikishuka ubora unapanda na faili linakua, kwa DVD kaa kati ya 18 na 22). Kwenye vichujio chagua Yadif au Decomb, mpangilio wa Bob, na kasi ya picha 50. Bob hutengeneza picha kamili kutoka kwa kila nusu, kwa hiyo mwendo wa dansi unabaki laini. Ukiacha 25 unatupa nusu ya mwendo. Vipimo vya picha usiviguse: DVD pana huhifadhiwa 720 kwa 576 na kutanuliwa wakati wa kuchezwa, ukilazimisha mwenyewe watu watakuwa wembamba kama mianzi.

Sauti weka nyimbo mbili: ya kwanza AAC ya spika mbili, ya pili AC-3 ipite ilivyo. Ukiweka 5.1 (sauti ya spika sita) peke yake kwenye TV ya spika mbili, milipuko itatikisa madirisha na maneno ya waigizaji hutayasikia.

Jaribu dakika mbili kwanza kabla ya kuacha foleni ya filamu kumi usiku kucha. Chagua kipande chenye mtu anayekimbia.

---

SanturiZaKale

Nijibu upande wa VCD, huwa unasahaulika.

VCD ni CD ya kawaida yenye picha ya MPEG-1, pikseli 352 kwa 288. MakeMKV haishughuliki nayo. Fungua folda ya MPEGAV, ndani kuna AVSEQ01.DAT, hiyo ndiyo filamu. Inakili kwenye kompyuta, uifungue na VLC kuhakikisha inacheza hadi mwisho, kisha kwa ffmpeg (programu ya amri za kuandika):

ffmpeg -i AVSEQ01.DAT -c copy sehemu1.mpg

Haibani chochote, inavua tu lile ganda la DAT. Kwa Linux, programu ya vcdxrip iliyo ndani ya VCDImager hufanya kazi safi zaidi. Usipoteze muda kuikuza iwe 1080p. Picha iliyopigwa kidogo haiongezeki kwa kukuzwa, faili tu ndilo linalonona.

CD moja huingiza dakika 74 hadi 80, ndiyo maana filamu huja na sidii mbili. Ziweke folda moja na majina haya: Jina (2006)-cd1.mpg na Jina (2006)-cd2.mpg. Jellyfin itazihesabu kama filamu moja.

Angalizo la mikwaruzo. VCD ina ulinzi mdogo wa makosa kuliko CD ya data, kwa sababu nafasi ya ulinzi huo ilitolewa ili picha ienee. Mkwaruzo ambao CD ya mafaili ingeuvumilia, VCD inakwamia hapo. Na kwenye CD, data iko chini tu ya rangi ya jalada. Upande wa jina ukichubuka hadi ukaona mwanga ukipenya, hapo hakuna dawa. DVD ni tofauti: ni vipande viwili vya plastiki vya milimita 0.6, data imebanwa katikati.

Kwa hiyo anza na VCD, wiki hii hii. DVD zitakungoja.

---

MpenziWaSinema

Asanteni sana. Nimenunua mini PC yenye i5-6500T na kijiti cha Google TV, DVD nane zimeingia. Yamebaki haya:

Simu na TV haziioni seva, lakini kwenye mini PC yenyewe Jellyfin inafunguka. Pia filamu moja ya Kifaransa inacheza poa, ila nikiwasha maandishi ya chini inakwama kila sekunde chache. Na DVD mbili MakeMKV inasimama katikati na kuleta makosa ya kusoma. Moja haina mkwaruzo unaoonekana!

---

FundiWaya

La kwanza: Windows imeuchukulia mtandao wako kama wa hadharani, kwa hiyo ukuta wa usalama unafunga mlango 8096. Nenda kwenye mipangilio ya mtandao, badilisha uwe wa binafsi. Kama bado, hakikisha TV haiko kwenye waifai ya wageni. Ruta nyingi hukata mawasiliano kati ya wageni na vifaa vya nyumbani.

La pili ni mtego wa DVD. Maandishi yake si herufi, ni picha ndogo. Kijiti kisipoweza kuzichora, seva inalazimika kuzichoma juu ya filamu na kutengeneza video upya papo hapo. Fungua dashibodi ya Jellyfin filamu ikiwa inacheza: itakuambia inachezwa moja kwa moja au inabadilishwa, na sababu yake. Ukiona inabadilishwa, washa Quick Sync kwenye sehemu ya uchezaji. Pengine hujaiwasha na prosesa inabeba kila kitu peke yake. Dawa ya kudumu ni programu ya Subtitle Edit, inayosoma hizo picha na kuziandika kuwa faili la maandishi la SRT. Pitia makosa kabla ya kuhifadhi, kwa Kifaransa hukosea alama za juu ya herufi, na herufi ndogo l huigeuza I. Lipe faili jina lile lile la filamu likiishia .fr.srt uliweke pembeni yake.

---

SanturiZaKale

La tatu nalijua. Kwenye DVD ya tabaka mbili, mwanga huanza ndani karibu na tundu, unatoka hadi ukingo wa nje, kisha unaingia tabaka la pili ukirudi ndani. Kwa hiyo ukingo wa nje, pale vidole vinaposhika, ndio katikati ya filamu. Huioni kasoro kwa sababu ni mafuta ya mkono, si mkwaruzo.

Maji ya vuguvugu, tone la sabuni ya vyombo, kitambaa laini cha miwani. Futa kwa mstari ulionyooka kutoka tunduni kwenda ukingoni. Ukifuta kwa kuzungusha na kukiwa na chembe ya vumbi, unachora mkwaruzo unaofuata njia ya data, na huo ndio mbaya kuliko wote. Dawa ya meno wacha ibaki bafuni.

Ikikataa bado, tumia draivu nyingine. Draivu mbili hazisomi diski mbovu sawasawa. Ya mwisho ni ddrescue, programu ya kuokoa data, kwenye Linux. Kwanza ichezeshe diski kwenye VLC sekunde chache ili draivu ifungue kufuli, kisha:

ddrescue -n -b 2048 /dev/sr0 filamu.iso filamu.map
ddrescue -d -r3 -b 2048 /dev/sr0 filamu.iso filamu.map

Ya kwanza inachota yote yanayosomeka bila kung'ang'ana, ya pili inarudia mara tatu penye mashimo tu. Inaweza kuchukua saa nyingi. Ukipeleka diski kwenye draivu nyingine ukatumia filamu.map ile ile, inaendelea ilipoishia. ISO hiyo (nakala nzima ya diski) uifungue na MakeMKV kama diski.

---

Jirani_wa_Kebo

Naona hakuna aliyegusa stima. Mini PC hizo zikiwa zimetulia hula wati 10 hadi 15, yaani yuniti 7 hadi 11 kwa mwezi ikiwaka usiku na mchana. Zidisha na bei ya yuniti kwenye risiti yako ya tokeni. Kwenye BIOS tafuta mpangilio wa baada ya umeme kupotea, uweke ijiwashe yenyewe. UPS ndogo iweke kwenye mini PC, diski ngumu na ruta. TV iache nje, itaimaliza betri.

Waya wa Cat5e kutoka mini PC hadi ruta, hata kama ziko meza moja. Kwenye ghorofa zetu waifai ya 2.4 GHz imejaa ruta za majirani. DVD haizidi megabiti 10 kwa sekunde itapita, Blu-ray ikifika 40 itakwama. Kijiti kiwe kwenye 5 GHz.

Nakala hizi ziwe za kwako nyumbani na sidii zibaki kabatini. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 inagusa pia kuvunja kinga za kidijitali, isome uamue ukiwa unajua. Kuzigawa au kuziuza ni kesi nyingine kabisa.

---

MpenziWaSinema

Simu na TV zimeiona seva. Quick Sync ilikuwa imezimwa kweli. DVD moja imekubali baada ya sabuni, nyingine iko kwenye ddrescue. Za Blu-ray je? Nimeazima draivu ya nje ya USB, inazunguka, inalia tik tik, halafu inapotea kwenye Windows.

---

FundiWaya

Inakosa nguvu. Tundu la USB 2.0 hutoa miliampea 500, la 3.0 hutoa 900, na draivu ya Blu-ray ikianza kuzungusha diski huomba zaidi ya hapo. Ichomeke moja kwa moja nyuma ya mini PC kwenye tundu la bluu, bila habu ya katikati. Kama ina waya wa miguu miwili, chomeka yote miwili. Ikibaki hivyo, tafuta habu yenye adapta yake ya stima.

MakeMKV kwa Blu-ray inataka ufunguo. Kipindi hiki cha majaribio mtengenezaji huuweka bure kwenye jukwaa lake, ukiisha muda unachukua mwingine. Ya kawaida ya 1080p itachukua dakika 40 hadi saa nzima. Kama kati ya hizo 14 kuna zenye kasha jeusi la 4K, zitenge kwanza, maana si kila draivu inazikubali. Angalia ukingo wa kasha, kisha uniambie ziko ngapi.